Tumehamia nje mimi na mke wangu, kanyumba ka mawe kana baridi kupita kiasi, tuanzie wapi?

ugenini_wawili:

Habarini wakuu, naomba mawazo ya waliowahi kuishi nchi za baridi, hasa kwenye nyumba za zamani. Mke wangu alipata kazi huku tukahama wote wawili, yeye anaenda kazini kila siku mimi bado natafuta kwahiyo muda mwingi niko nyumbani. Tumepanga kanyumba kadogo ka mawe nje kidogo ya mji, kuta nene ajabu, madirisha ya kioo kimoja, sakafu ya mawe chini, sebuleni kuna jiko la kuni la chuma na vyumba vingine vina rediata (yale mabati ya ukutani yanayopitisha maji ya moto) zinazopashwa na boila, yaani mtambo wa kuchemsha hayo maji. Tulipokaona mara ya kwanza ilikuwa majira ya joto, palikuwa pazuri sana na hadi leo tunakapenda, sisemi uongo.

Ila sasa baridi imeingia na hali imebadilika. Asubuhi ukiamka madirisha yanatiririka maji kwa ndani hadi yanatuama kwenye kizingiti, mashuka ukiyagusa kama yana unyevu, na nyuma ya kabati la nguo nimekuta madoa meusi ya fangasi ukutani. Rediata ya chumbani ni ya moto chini lakini juu iko baridi kabisa. Nikipandisha themostati hadi mwisho nyumba haipati joto haraka ila bili ndo inapanda. Na kitu kinachonishangaza, kipimajoto kinasoma digrii 19 mimi nimekaa hapohapo natetemeka.

Sasa kikubwa kinachoniumiza ni kwamba hili jambo limeingia katikati yetu. Yeye ametoka ofisini kwenye joto siku nzima akifika anasema nyumba inanuka anafungua dirisha, mimi nimekaa na baridi tangu asubuhi ndo kwanza nimepata ka joto kadogo nalifunga, basi tunanuniana jioni nzima kwa ajili ya dirisha, kitu ambacho hatujawahi kuwa nacho kwenye ndoa yetu. Mimi nilikuwa nafikiria hata kuyaziba yale matundu ya hewa ukutani maana upepo unapita pale unausikia shingoni.

Naombeni mnisaidie: dirisha lifunguliwe au lifungwe? Matundu niyazibe? Boila iwake mchana kutwa au kwa masaa? Na kuna jamaa kaniambia niwe naingiza jiko la mkaa chumbani kabla ya kulala, eti linapasha haraka kuliko rediata, je ni sawa?

fundirediata:

Mkuu karibu. Naanza na swali lako la mwisho kwasababu hilo haliwezi kusubiri, JIKO LA MKAA LISIINGIE NDANI, si chumbani si sebuleni si kwa dakika kumi, hata dirisha likiwa wazi. Mkaa ukiwaka unatoa kaboni monoksaidi, gesi ambayo haina rangi wala harufu, inashika damu mahali pa oksijeni na mtu analala usingizi asiamke. Familia nzima zimekutwa zimekufa kitandani kwa njia hiyo na wengi ni wageni waliokuwa wanatafuta joto tu kama nyie. Na kwa sababu una jiko la kuni na boila, nunua alamu ya kaboni monoksaidi leo kama haipo, ni kadude kadogo kanakaa ukutani au juu ya kabati, weka chumba chenye jiko na nyingine karibu na mnapolala. Mkianza kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu wote wawili na mkitoka nje mnapata nafuu, tokeni na msirudi mpaka mtu wa kazi hiyo aje apime.

Matundu ya hewa usiyazibe kwa sababu hiyohiyo. Moto wa kuni unahitaji hewa, ukiunyima unaungua vibaya na moshi unarudi ndani. Upepo wa shingoni utaushughulikia kwenye mipenyo isiyo na kazi, chini ya mlango weka kile kimto kirefu cha kuzuia upepo, pembeni ya fremu za madirisha bandika ule utepe wa sponji, tundu la ufunguo lifunike, mlango wa darini ndo usisahau maana joto lote linapanda juu na kutokomea huko.

Rediata ya moto chini baridi juu ina hewa ndani, hiyo ni kazi ya dakika tano. Zima boila, subiri ipoe, pembeni juu ya rediata kuna kaskrubu ka mraba, kuna funguo yake inauzwa bei ndogo tu madukani, weka kitambaa chini, zungusha kidogo tu kwenda kushoto utasikia hewa inatoka ssss, maji yakianza kutoka funga. Ukimaliza zote angalia geji ya boila inayoonyesha presha ya maji, mfumo mwingi uliofungwa ukiwa baridi unatakiwa usome kati ya baa 1 na 1.5, ikiwa chini mwambie mwenye nyumba aongeze au akuonyeshe anavyoongeza. (Ikiwa kinyume chake, moto juu baridi chini, basi ni matope yamekaa ndani na hapo ni kazi ya fundi.)

Themostati nayo, kuipandisha hadi 25 hakuleti joto haraka zaidi ya kuiweka 20. Unaiambia tu isimame wapi, kasi ya boila ni ileile, matokeo yake unasahau nyumba inafika 25 na bili inakwenda nayo.

Kuhusu kutetemeka kwenye digrii 19, hauumwi wala hujadeka. Kipimajoto kinapima hewa lakini mwili wako unatoa joto kuelekea kila kitu cha baridi kilichouzunguka, na ukuta wa mawe uliopoa pamoja na kioo kimoja vinakunyonya joto hata kama hewa ni nzuri. Hamisha kiti chako kitoke ukuta wa nje kiende ukuta wa katikati ya nyumba, sakafuni weka zulia zito na chini yake kitu cha kuzuia baridi ya mawe, mapazia mazito yafungwe jua likizama tu ila yasifunike rediata maana utakuwa unapasha dirisha. Asubuhi yafungue yote hata kama jua ni la kubahatisha.

Masaa ya boila: kuta nene zinachukua muda mrefu sana kupata joto na zikishapata zinakaa nalo. Nyumba kama imekuwa baridi kwa wiki nyingi, mpe joto la wastani mfululizo siku kadhaa kwanza hadi mawe yenyewe yapate uhai, halafu ndo uanze ratiba ya masaa. Usiku au mkitoka kwa masaa machache shusha hadi 15 au 16, usizime kabisa, ikipoa kabisa yale maji ya madirishani yanahamia ukutani. Mkiwepo, Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa makazi wa mwaka 2018 walitaja digrii 18 kama kiwango salama cha ndani kwa watu wengi kwenye nchi za baridi, na kama kuna mtoto mchanga, mzee au mgonjwa wanasema inaweza kuhitajika zaidi ya hapo. Kwahiyo usikubali kukaa kwenye 14 ili kuokoa bili, huko ni kuhamisha gharama kwenye mapafu.

dadamkubwa:

Pole kaka, mpe pole na wifi. Mimi na mume wangu tulipitia hukohuko kwahiyo naandika kwa uchungu kidogo, na nataka niseme mapema kwamba kwenye suala la dirisha wote wawili mna haki, na mkishaelewa kwanini huo ugomvi utakwisha wenyewe.

Maji ya dirishani hayatoki nje. Yanatoka kwenu. Watu wawili wakilala usiku mmoja wanapumua nje karibu nusu lita ya maji, ongeza kupika, kuoga, na nguo ukizianika ndani mzigo mmoja tu unaweza kuachia kama lita mbili hewani. Hewa ya joto inabeba mvuke mwingi, ya baridi haiwezi, meta moja ya ujazo ya hewa kwenye digrii 20 inaweza kubeba gramu 17 hivi za mvuke, kwenye sifuri haifiki hata 5. Sasa hewa ya chumba yenye digrii 20 na unyevu wa asilimia 60 ikigusa kitu chenye digrii 12 inaanza kutoa maji, kama glasi ya maji ya friji inavyotoka jasho mezani. Kioo chenu usiku kiko chini ya 12 kwa mbali, na nyuma ya kabati ambako joto halifiki ukuta nao uko hukohuko, ndo maana fangasi imeanzia pale.

Ukishaelewa hivyo utaona kwanini wifi yuko sahihi kwamba nyumba inahitaji hewa. Na hewa ya nje hata kama kunanyesha, ikiwa ni ya baridi inabeba mvuke kidogo sana, ukiiingiza ndani ikapata joto inakuwa kavu na inaanza kunywa unyevu wa nyumba. Na wewe uko sahihi kwamba dirisha lililoachwa nusu wazi jioni nzima linapoza kuta na kula pesa. Kwahiyo fanyeni hivi, koki za rediata za kuwashia na kuzimia fungeni, madirisha ya pande mbili zinazotazamana yafungueni WAZI kabisa dakika tano hadi kumi, hewa ipite moja kwa moja, kisha fungeni yote washeni. Joto lililo kwenye mawe na samani halitoki kwa dakika tano, inatoka hewa tu na hewa inapata moto haraka. Asubuhi mkiamka, na jioni. Ya jioni wewe uliye nyumbani ifanye nusu saa kabla hajarudi, akifika nyumba hainuki na tayari kuna joto, hapo hakuna wa kufungua wala wa kufunga.

Maji ya kioo asubuhi yafuteni na kitambaa mkakamue kwenye sinki, yakiachwa yanarudi hewani. Sufuria zifunikwe, mlango wa bafu ufungwe wakati wa kuoga na baada yake mpaka mvuke uishe kwa dirisha la bafu lenyewe, nguo zianikwe chumba kimoja mlango umefungwa dirisha limeachwa upenyo. Nunueni kakipima unyevu, kaweke chumbani, lengo ni kati ya asilimia 40 na 60, kakikaa 70 na kuendelea siku nzima ujue kuvu anafurahi. Kama uwezo upo mashine ya kuvuta unyevu itawasaidia sana, na joto inalotoa linabaki ndani.

Kabati msogeze kutoka ukutani kama upana wa kiganja hivi au likae ukuta wa ndani. Fangasi iliyopo usiisugue kavu, itarusha vumbi lake chumba kizima, vaa glovu na barakoa, fungua dirisha, lowesha na maji ya sabuni ufute, kitambaa kitupe. Na tafadhali usichanganye dawa yenye klorini na siki au dawa nyingine ya kusafishia, inatoka gesi ya sumu. Mwenye pumu asifanye hiyo kazi kabisa.

sweta_mbili:

Naongeza moja tu. Blanketi la umeme la kutandika chini ya shuka, lile lenye swichi. Linakula wati 100 hivi wakati hita ya umeme inakula 2,000, washa nusu saa kabla ya kulala zima ukiingia. Hata mchana umekaa kwenye kompyuta lipo la kujifunika magotini. Kupasha mtu ni rahisi kuliko kupasha nyumba ya mawe. Na mavazi anza miguuni, soksi za sufu na viatu vya ndani vyenye soli nene, halafu nguo nyembamba kadhaa zikae juu ya nyingine kuliko koti moja zito.

ugenini_wawili:

Wakuu asanteni mno, jana nimemsomea mke wangu uzi wote, pale dadamkubwa aliposema wote mna haki alinyamaza kidogo akasema basi kesho tujaribu. Leo asubuhi tumefungua pande mbili dakika chache, nimekaa na saa mkononi, kweli nyumba imerudi joto upesi kuliko nilivyotegemea. Rediata nimeitoa hewa sasa inawaka yote. Alamu tumeagiza, na jamaa wa mkaa nimempigia nikamweleza maana naye ana watoto.

Maswali mawili yamebaki. Jiko la kuni linatoa moshi na kioo chake kinakuwa cheusi haraka, kuni tulinunua kwa mtu wa karibu akasema ni nzuri. La pili, kwenye kona ya jikoni chini kuna unyevu ambao haufanani na ule wa chumbani, rangi ya ukuta inabanduka na kuna kama unga mweupe unatoka. Huo nao ni pumzi zetu?

mzeewakuni:

Kijana, hizo kuni mbichi. Mti uliokatwa karibuni nusu ya uzito wake unaweza kuwa maji, na moto wako unatumia nguvu kuchemsha hayo maji badala ya kukupasha wewe, moshi unakuwa mwingi wa baridi na lami nyeusi inaganda ndani ya dohani (bomba la kutolea moshi), siku ikishika moto hiyo lami ni moto wa dohani na nyumba nzima iko hatarini. Kuni za kuchoma ziwe na unyevu chini ya asilimia 20. Kuna kipimo cha pini mbili unakichoma kwenye kuni iliyopasuliwa, upande wa ndani sio ganda. Bila kipimo, gonga mbili pamoja, kavu inalia, mbichi inadunda, na kavu ina nyufa kwenye ncha na ni nyepesi mkononi. Ulizonazo usitupe, zipasue, zipange nje chini ya paa upepo upite pembeni, zitafaa msimu ujao au ule wa pili kama ni mti mgumu. Usizirundike zote ndani karibu na jiko zikauke, utarudisha unyevu uleule uliofukuza dirishani.

Kabla hujawasha tena muulize mwenye nyumba dohani ilisafishwa lini na aonyeshe karatasi. Isiyozidi mwaka. Kama hajui, isafishwe kwanza. Majivu yatolee ndoo ya chuma yenye mfuniko ikae nje, makaa yaliyofunikwa na majivu yanaweza kuwa hai siku nzima na zaidi.

Washa moto kwa hewa ya kutosha, vijiti vidogo vingi, acha mlango wa hewa wazi mpaka dohani ipate moto ndipo upunguze kidogo kidogo. Watu wengi wanafunga hewa ili kuni zidumu usiku kucha, hapo ndo kioo kinakuwa cheusi.

fundirediata:

Mzee kamaliza upande wa kuni. Hiyo kona ya jikoni siyo pumzi zenu mkuu. Unyevu wa pumzi unapenda vioo, kona za juu na nyuma ya vitu. Ule ulio chini ukutani wenye mstari na unga mweupe unaobandua rangi ni maji yanapanda au yanaingia kutoka nje, huo unga ni chumvi iliyoachwa maji yakikauka. Toka nje siku ya mvua usimame mkabala na kona hiyo, angalia mfereji wa paa kama umeziba na kumwaga ukutani, bomba la kushushia maji kama limepasuka, udongo au kifusi kama kimerundikwa kupita usawa wa sakafu ya ndani. Mara nyingi ni moja ya hayo matatu. Doa likikua kila baada ya mvua una jibu lako.

Na hapa ni kazi ya mwenye nyumba. Piga picha zenye tarehe, kona hiyo, fangasi ya kabati kabla hujaifuta, usomaji wa kipima unyevu, mtumie kwa maandishi kwa upole. Akitaka kupaka plasta ya saruji na rangi ya plastiki juu ya unyevu mwombe asifanye hivyo, kuta za mawe za zamani zilijengwa kwa chokaa na zinakauka kwa kupumua, ukizivika saruji maji yanabaki ndani ya ukuta, na ukuta uliolowa unapitisha baridi zaidi ya mkavu. Achunguze maji yanakotoka kwanza, aache ukauke, ndo apake chokaa.

dadamkubwa:

Kaka umeuliza ya nyumba yote tumekujibu, ila na wewe mwenyewe nina neno. Mtu aliyekaa mwili wake unatoa joto la wati 100 hivi, akitembea haraka ni zaidi ya mara mbili. Wifi anatembea kwenda kazini, anapanda ngazi, anaongea na watu, wewe umekaa kwenye kiti nyumba tulivu, lazima muisikie nyumba ileile tofauti. Mweleze hivyo waziwazi, sio kwa kulalamika. Mume wangu ndo alikuwa wa kukaa nyumbani kwetu, hakusema, nilikuja kujua kwa kumkuta amelala na koti saa tisa mchana, na iliniuma sana kwamba nilikuwa nabishana naye kuhusu hita.

Chagueni chumba kimoja kiwe cha kuishi mchana, hicho ndo kipashwe vizuri, kazi ya kutafuta kazi uifanyie humo, vingine vikae kwenye ile 15 au 16. Na kila siku utoke wakati kuna mwanga hata kama mawingu yamefunga, mwanga wa nje siku ya mawingu ni maelfu ya lux (kipimo cha mwanga) wakati ndani ya nyumba unapata mia chache tu. Hii huzuni ya msimu wa giza inajulikana kitabibu, imeandikwa tangu mwaka 1984, zipo hata taa maalum za lux 10,000 watu wanakaa mbele yake nusu saa asubuhi. Ukiona usingizi unazidi, hamu ya kula inabadilika, huna hamu ya kitu na wiki zinapita, muone daktari na mwambie wifi mapema.

Pesa ya joto nayo muipange wote wawili mezani mwanzo wa mwezi, kiasi gani mnakubali kitumike, ili siku ukiwasha saa saba mchana ukiwa peke yako usijisikie unaiba mshahara wake. Hilo kwetu lilisaidia kuliko hata mapazia.

ugenini_wawili:

Dada umenigusa pale pa kuiba mshahara, ndo nilivyokuwa najisikia kabisa na sikuwa nimemwambia mtu. Leo jioni tutakaa tuongee hiyo bajeti. Picha za kona nimeshapiga, nje nimekuta bomba la kushushia maji limechomoka kwenye kiungo na linamwaga palepale, nimemtumia mwenye nyumba amejibu atamleta mtu. Tukisafiri mwisho wa mwaka kwenda kuwaona wenzetu mji mwingine, boila nizime?

fundirediata:

Usizime, iache kwenye digrii 12 hivi na mlango wa darini uache wazi kidogo ili joto lifike kwenye mabomba ya huko juu, maji yakiganda yanatanuka na kupasua bomba na utagundua yakianza kuyeyuka. Kabla ya kuondoka tafuteni koki kuu ya maji iko wapi, mara nyingi ni chini ya sinki au karibu na mlango wa mbele, ijaribuni wote wawili kama inazunguka, na mkiondoka ifungeni ila kwanza muulize mwenye nyumba kama boila yenu haina shida na hilo.